Baba akifilisika, nyumba ya rehani huenda wapi?

Apitaye katika mitaa ya Dar es Salaam, iwe Magomeni, Ilala au Temeke, hakosi kuona ukuta ulioandikwa kwa rangi maneno matatu: nyumba hii haiuzwi. Maneno hayo huandikwa na familia zinazowaogopa matapeli, au na ndugu waliosigana katika mirathi. Kwa tapeli yanatosha, kwa kuwa humwonya mnunuzi kabla hajatoa fedha yake. Dalali aliyetumwa na benki ni mtu mwingine. Mkononi ana mkataba wa rehani uliotiwa saini na mwenye nyumba mwenyewe, na rangi ya ukutani haina uwezo juu ya saini hiyo.

Ndugu msomaji, katika kurasa hizi za familia tumezoea kuzungumzia malezi, ndoa na mirathi. Leo tunazungumzia jambo linaloyagusa yote matatu, nalo ni hali ya nyumba iliyowekwa rehani pale mwenye kuiweka anapofilisika. Ni suala linalozungukwa na dhana mbili zinazopingana, na zote mbili huwatia watu hasarani. Dhana ya kwanza husema kwamba mtu akitangazwa mufilisi na mahakama, madeni yake yote hufutika, hivyo nyumba yake inasalimika. Dhana ya pili husema kwamba mufilisi hunyang'anywa kila kitu hadi mkeka wa kulalia, hivyo hakuna faida ya kuhangaika. Anayeshika dhana ya kwanza hulala usingizi mnono hadi siku ya mnada. Anayeshika ya pili hukata tamaa mapema na kuacha hata ile haki ambayo sheria na dini vimempa.

Sheria tutakazozitaja ni za Tanzania Bara, maana Zanzibar ina sheria zake za ardhi. Kuhusu dini, tutataja yale yaliyo mashuhuri katika vitabu vya fiqhi, na kwa fatwa ya jambo mahususi msomaji atamrejea sheikh wake.

Kamba mbili katika mkataba mmoja

Mtu anapokopa benki na kuweka nyumba yake rehani, huwa amejifunga kwa kamba mbili kwa wakati mmoja. Kamba ya kwanza imefungwa kwenye nafsi yake: ameahidi kulipa, na ahadi hiyo iko katika dhima yake popote aendapo. Kamba ya pili imefungwa kwenye nyumba: amempa mkopeshaji haki ya kuiuza iwapo ahadi haitatekelezwa. Nyumba bado ni yake. Sheria ya Ardhi inaeleza bayana kuwa rehani ni dhamana tu, wala haihamishi miliki kwenda kwa mkopeshaji. Lakini haki ile ya kuuza imekwisha kukaa juu ya nyumba, na haitoki mpaka deni lilipwe au mkopeshaji mwenyewe aiachie.

Ufilisi hushughulika na kamba ya kwanza. Chini ya Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, mdaiwa mwenyewe au mmoja wa wanaomdai anaweza kupeleka ombi Mahakama Kuu. Mahakama ikiridhika, mali za mdaiwa huwekwa chini ya usimamizi, wadai huitwa wakutane, na mdaiwa hutakiwa kueleza kwa kiapo kila alicho nacho na kila anachodaiwa. Akishatangazwa mufilisi, mali zake huingia mikononi mwa msimamizi, naye huziuza na kuwagawia wadai kwa uwiano wa madeni yao. Shughuli hizi ndizo zilizolipa jina lake shirika ambalo wengi wetu hulijua kwa vyeti vya kuzaliwa tu, yaani RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.

Faida ya utaratibu huu kwa mdaiwa ni kwamba mbio za wadai husimama. Yule wa duka la jumla hawezi tena kumfungulia kesi yake, na yule aliyemkopesha saruji kumfungulia yake, kila mmoja akivutia kwake. Wote huelekezwa kwenye mlango mmoja. Mwisho wa safari, mahakama inaweza kumwachilia mufilisi kutoka katika hali hiyo, kwa masharti au bila masharti, kwa kutazama mwenendo wake.

Mwenye rehani, hata hivyo, hasimami katika foleni hiyo. Sheria humpa hiari. Anaweza kuiuza nyumba na kujilipa, kisha akadai upungufu, kama upo, pamoja na wadai wengine. Anaweza kuithamini nyumba na kudai kile kinachozidi thamani yake. Anaweza pia kuisalimisha rehani kwa manufaa ya wote na kudai deni lake zima kama mdai wa kawaida, jambo ambalo benki yenye akili timamu hailifanyi ila nyumba ikiwa haina thamani. Kwa maneno mengine, tangazo la mahakama humkinga mtu, nalo haliikingi nyumba iliyowekwa rehani.

Hesabu ya familia moja

Tuchukue mfano, nao ni wa kubuni kwa ajili ya hesabu. Mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo ana nyumba yenye thamani ya shilingi milioni 120 sokoni. Ameiweka rehani, na deni lililobaki benki ni milioni 70. Biashara imeanguka, na nje ya benki anadaiwa na watu mbalimbali jumla ya milioni 90. Mbali na nyumba, hana mali nyingine ya maana. Mahakama imemtangaza mufilisi.

Benki inauza nyumba kwa milioni 120. Gharama za uuzaji ni milioni 6. Benki inachukua milioni 70 zake. Zinabaki milioni 44. Je, fedha hizi anakabidhiwa baba aende akaanze maisha? Kama hakuwa mufilisi, ndiyo, ziada ingekuwa haki yake kamili. Kwa kuwa amekwisha kutangazwa mufilisi, ziada hiyo inakwenda kwa msimamizi wa mali zake, naye anawagawia wale wenye kudai milioni 90. Tukiacha gharama za usimamizi, kila mmoja anapata takriban senti 49 kwa kila shilingi aliyodai.

Sasa tuigeuze hesabu. Nyumba ile ile imeuzwa kwa haraka, kwa milioni 60 tu. Gharama ni milioni 4, benki imepata milioni 56. Deni lake lilikuwa 70, hivyo bado inadai milioni 14. Kwa kiasi hicho benki inaingia katika foleni ya watu wa kawaida, na jumla ya wanaodai inakuwa milioni 104, ilhali hakuna cha kugawana. Familia imepoteza nyumba, wadai wamepoteza haki zao, na baba amebaki na deni kubwa zaidi. Tofauti ya hali hizi mbili imeletwa na bei ya mnada peke yake.

Kwa sababu hiyo Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, imemwekea mkopeshaji wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana kwa hali ya wakati huo. Kifungu cha 133 kinasema kwamba nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo pungufu kwa asilimia 25 au zaidi ya bei ya kawaida ya soko kwa nyumba za aina hiyo, itachukuliwa kuwa mkopeshaji amevunja wajibu wake, mpaka athibitishe vinginevyo. Katika mfano wetu kizingiti ni milioni 90. Bei ya milioni 60 iko chini sana ya hapo, na mwenye nyumba ana haki ya kulalamika mahakamani.

Tahadhari moja ni ya lazima. Sheria hiyo hiyo humlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, na mara nyingi aliyechelewa huambiwa adai fidia kwa mkopeshaji, si kurudishiwa nyumba. Mwenye hoja aipeleke mahakamani kabla ya nyundo ya dalali kugonga.

Siku sitini ambazo wengi huzipoteza

Nyumba ya rehani haiuzwi ghafla, ingawa kwa familia nyingi huonekana hivyo. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi, kama kilivyorekebishwa mwaka 2008, kinamtaka mkopeshaji ampe mkopaji notisi ya maandishi pindi anaposhindwa kulipa. Notisi hiyo lazima ieleze ni nini hakikulipwa na kwa kiasi gani, nini kifanyike kurekebisha hali, na kwamba zikipita siku 60 tangu ipokewe, deni zima litatakiwa na mkopeshaji ataweza kutumia haki yake ya kuuza. Baada ya hapo, Sheria ya Madalali inataka tangazo la hadhara la siku zisizopungua 14 kabla ya ardhi kunadiwa.

Zingatia, ndugu msomaji, kwamba katika njia hii hakuna mahali ambapo benki inalazimika kwenda mahakamani kwanza. Haki ya kuuza imo ndani ya mkataba na sheria. Wale wanaosubiri kuitwa na hakimu ndipo wajitetee husubiri wito usiokuja.

Ni katika siku hizo 60 ambapo nyumba nyingi zingeweza kuokolewa, na ndizo siku ambazo baba huificha barua chini ya godoro. Aibu humzuia asimwambie mkewe. Huona kwamba akinyamaza ataitengeneza hali kabla haijajulikana, akakopa kwa mtu binafsi mwenye riba kali ili alipe rejesho moja la benki, kisha akakopa kwingine ili amlipe yule. Mke huijua habari kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni, au kwa jirani aliyeisoma gazetini.

Mwenye kwenda benki mapema ana mengi ya kuomba: kuongezewa muda, kupunguziwa kiasi cha rejesho, au kuruhusiwa aiuze nyumba mwenyewe. Hili la mwisho halipendezi masikioni, lakini mwenye nyumba anayeiuza kwa mkono wake, akiwa na muda wa kumtafuta mnunuzi, kwa kawaida hupata bei kuliko mnada. Katika mfano wetu, tofauti baina ya milioni 120 na milioni 60 ndiyo tofauti baina ya kuhamia nyumba ndogo na kuhamia barazani kwa ndugu.

Saini ya mke

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, imekataza mwanandoa kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 114, imeongeza kwamba rehani ya nyumba ya ndoa haiwi halali ila iwe imetiwa saini na mkopaji pamoja na mke au wake wanaoishi ndani yake, au pawepo uthibitisho wa ridhaa yao. Mkopeshaji ana wajibu wa kuuliza, na mkopaji anayesema uongo kuhusu kuwepo kwa mke anatenda kosa la jinai.

Kuna wanawake wanaoichukulia saini hiyo kama heshima kwa mume: ameletewa karatasi jikoni, kaambiwa tia saini hapa, akatia. Utii kwa mume ni jambo jema katika wema, na kuuliza ni sehemu ya wema huo. Mke ana haki ya kujua mkopo ni wa nini, ni kiasi gani, marejesho ni ya muda gani, na iwapo biashara ikianguka watoto watalala wapi. Akishatia saini kwa ridhaa, mlango huo umefungwa. Hatasikilizwa kwa kusema alisahau au hakusoma.

Upo upande wa pili unaopaswa kutajwa. Mali ya mke si mali ya mume. Uislamu umetenga miliki za wanandoa tangu mwanzo: alichorithi, alichopewa zawadi na alichochuma kwa biashara yake ni chake. Mume akifilisika, wadai wa mume hawana haki katika mali hiyo. Ikiwa nyumba imeandikwa kwa majina ya wote wawili, linaloingia katika ufilisi ni fungu la mume, ingawa rehani waliyoiweka wote itaifuata nyumba nzima. Na mahari ambayo mume hajailipa, ikiwa muda wake umefika, ni deni kama madeni mengine. Wanazuoni wamemhesabu mke kuwa mmoja wa wadai katika mgawanyo.

Wapo wanaosikia haya na kupata wazo: naandika nyumba kwa jina la mke leo, kesho natangaza ufilisi. Sheria imeliona hilo zamani. Mali iliyotolewa kama zawadi, au aliyopendelewa mdai mmoja, katika muda uliowekwa kabla ya ufilisi inaweza kurejeshwa na msimamizi. Na kwa mwenye kumcha Allah, kuwahadaa wenye haki kwa karatasi ni dhulma ileile, hata hakimu asipoigundua.

Kadhalika tusimsahau mdhamini. Mara ngapi kaka ameweka nyumba yake, au ndugu wameweka nyumba ya urithi kutoka kwa marehemu baba yao, ili mmoja wao apate mtaji? Ufilisi wa aliyekopa haumwondolei mdhamini mzigo wake. Benki itamgeukia yeye na nyumba yake. Anayeombwa hati ya nyumba kwa ajili ya ndugu ajue kwamba anaombwa kuwa tayari kuipoteza.

Fiqhi ilikwisha kulizungumza

Muislamu anaposoma mpangilio huu wa sheria atakuta mambo mengi asiyoyaona mageni, kwani milango ya rehani na ya muflis imo katika vitabu vya fiqhi tangu karne za mwanzo. Rehani imetajwa katika Suratul Baqara, aya ya 283, baada ya aya ndefu ya kuandikiana madeni. Mtume Muhammad (s.a.w.) mwenyewe, kwa mapokezi ya Bukhari, alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri. Wanazuoni wamekubaliana kwamba mwenye kushika rehani hutangulizwa juu ya wadai wengine katika kile kilichorehaniwa, na upungufu ukiwepo huingia nao katika kilichobaki.

Lakini kanuni ya pili ni nzito vilevile. Enzi za jahiliya, mdaiwa akishindwa kulipa siku ya ahadi, mshika rehani aliichukua yote, hata kama thamani yake ilikuwa mara kumi ya deni. Hadithi iliyomo katika Muwatta ya Imam Malik imeibatilisha desturi hiyo: rehani haimezwi na aliyeishika. Huuzwa, deni likalipwa, na ziada ikarudi kwa mwenyewe. Basi wale wakopeshaji wa mitaani wanaomkopesha mtu milioni 5 na kumwandikisha karatasi ya kuuza nyumba ya milioni 50, ili ashindwapo waingie na kubadili vitasa, wanaifufua desturi ya jahiliya.

Kuhusu aliyefilisika, imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Said Al-Khudri (r.a.) kwamba mtu mmoja zama za Mtume (s.a.w.) alinunua matunda, yakapatwa na maafa, madeni yakamwelemea. Mtume aliwaagiza watu wamsaidie kwa sadaka. Walitoa, lakini haikutosha. Hapo akawaambia wenye kumdai wachukue walichokipata, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Tazama mpangilio wake: jamii imeitwa kwanza kusaidia, kisha wadai wamegawana kilichopo, kisha mkono wao umezuiwa wasimsumbue mtu asiye na kitu. Wanazuoni wengi wamefahamu kwamba deni lililobaki halikufutwa katika dhima yake, ila ameachwa mpaka apate wasaa.

Hapa pana tofauti ya kukumbukwa. Mahakama inapomwachilia mufilisi, wadai wake wa zamani hawawezi tena kumshitaki kwa madeni yale. Kwa Muislamu, hati hiyo ya mahakama humpa nafasi ya kupumua, lakini haki ya mtu haiondoki mpaka alipwe au mwenyewe asamehe. Akija kufunguliwa riziki baada ya miaka, atawatafuta wale aliowadai nusu tu wakapokea, na warithi wao kama wamefariki.

Je, makazi ya mufilisi huuzwa? Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, kauli iliyo sahihi zaidi kwa Imam Nawawi katika Minhaj ni kwamba nyumba yake huuzwa. Madhehebu ya Hanbali humwachia makazi anayoyahitaji. Pamoja na tofauti hiyo, kadhi hutoa matumizi ya mke na watoto kutoka katika mali hiyo mpaka siku ya mgawanyo, na mufilisi huachiwa mavazi yanayomstahili. Sheria ya Ufilisi nayo humwachia zana za kazi, mavazi na matandiko kwa kiwango maalumu. Dhana kwamba atavuliwa hadi shati haina msingi, si katika fiqhi wala katika sheria.

Riba na muda

Aya inayoamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na kusema kwamba kumsamehe ni bora zaidi, ni aya ya 280 ya Suratul Baqara. Imekuja moja kwa moja baada ya aya za kuharamisha riba. Mpangilio huo una funzo kwa mwenye nyumba ya rehani. Katika mkopo wa riba, muda ni adui: kila mwezi wa kuchelewa huongeza deni, hivyo hata benki ikikupa nafasi, nafasi hiyo ina bei yake. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lilipokutana Jeddah mwaka 1985, lilipitisha kwamba ziada ya benki juu ya mkopo ni riba iliyoharamishwa.

Tangu mwaka 2011, Amana Bank ilipofungua milango kama benki ya kwanza nchini inayofuata sharia kikamilifu, Waislamu wa Tanzania wamekuwa na njia nyingine, na baadhi ya benki za kawaida zimefungua madirisha ya aina hiyo. Lakini asidhani mtu kwamba jina la Kiislamu huondoa hatari ya kupoteza nyumba. Katika murabaha, benki hukuuzia nyumba kwa bei iliyokwisha kufahamika na kuishika kama rehani. Ukishindwa inaweza kuiuza, ila deni halikui kwa kuchelewa, na adhabu ya uchelewaji, kama ipo, huelekezwa kwenye sadaka. Katika ijara inayoishia na umiliki, wewe ni mpangaji wa nyumba ya benki hadi mwisho wa mkataba, hivyo ufilisi hukukuta ukiwa na haki ya kukaa tu, na yale uliyokwisha kulipa hutegemea ulivyoandikwa mkataba. Katika ushirika unaopungua, wewe na benki mna mafungu, na nyumba ikiuzwa kila mmoja huchukua kwa fungu lake. Muulize afisa wa benki swali moja kabla ya kusaini: nikifilisika katikati ya njia, ninaondoka na nini?

La kufanya nyumbani na msikitini

Baba aliyeanza kuelemewa na asimwambie mkewe siku ya mnada. Amwambie leo, waketi pamoja, waandike kila deni, la benki na la mangi wa dukani, na mahari iliyobaki. Kila notisi ihifadhiwe pamoja na tarehe iliyopokewa. Waende benki kabla ya siku 60 kwisha. Wapate mthamini aandike thamani halisi ya nyumba, kwani hiyo ndiyo silaha yao iwapo mnada utafanyika kwa bei ya kutupa. Na kabla ya kupeleka ombi la ufilisi wapate ushauri wa wakili, ikiwezekana kupitia taasisi za msaada wa kisheria, wakijua kwamba ombi hilo litawaondolea msukumo wa wadai wengine bila kuivua nyumba rehani yake.

Jamii nayo ina sehemu yake. Aya ya 60 ya Suratut Tawba imewataja wenye madeni miongoni mwa mafungu manane ya zaka, nasi tumezoea kulitazama fungu la mafukara tu. Familia inayobakiza marejesho machache ili nyumba yake isinadiwe ni mahali ambapo zaka yaweza kufanya kazi yake, kwa masharti ambayo masheikh watayafafanua kuhusu asili ya deni na kuepuka kulipia riba. Misikiti yetu huchangisha haraka kwa ajili ya sanda. Ingeweza pia kuchangisha kwa ajili ya paa, wakati wenye paa bado wako hai.

Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliwauliza maswahaba ni nani muflis. Walimjibu kuwa ni asiye na dirhamu wala bidhaa. Akawafahamisha kwamba muflis wa umma wake ni yule ajaye siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, ilhali amemtukana huyu na kula mali ya yule, thawabu zake zikagawiwa waliodhulumiwa mpaka zikaisha. Mfanyabiashara aliyepoteza nyumba yake kwa uaminifu, akawakabidhi wadai alichokuwa nacho na kunuia kulipa kilichobaki, hayumo katika ufilisi huo. Nyumba hununuliwa tena.

Wabillahi tawfiq.